Ushirika wa Anga na Atomu

Katika siku za mwanzo za mwezi wa Juni mwaka 2018, tufani ya vumbi iliyoanza pembe moja ya sayari ya Mirihi ilivimba na kutanda hata ikaifunika sayari nzima, na mchana wa huko, ambao hata katika siku njema hauna nuru ya mchana wetu, ukageuka kuwa giza. Wakati huo vilikuwako juu ya ardhi ya Mirihi vigari viwili vya Marekani vilivyokuwa kazini. Kimoja, Opportunity, kilitua Januari 2004 kwa kazi iliyokusudiwa kudumu siku 90 tu, nacho kilikuwa kimekwisha kutimiza miaka 14 kikitambaa na kupima mawe kwa nguvu ya paneli za sola. Cha pili, Curiosity, kilikuwa ndani ya shimo kubwa la Gale, wala hakikuwa na paneli hata moja. Tarehe 10 Juni Opportunity kilipeleka habari zake za mwisho, kisha kikanyamaza. Wahandisi waliendelea kukiita kwa miezi minane bila ya kupata jawabu, na Februari 2019 NASA, yaani Shirika la Anga la Marekani, ilitangaza kwamba kazi yake imekwisha. Curiosity kiliendelea katika giza lile lile, kikipiga picha za vumbi na kupima hewa, kwa kuwa nguvu zake hazikutoka katika jua bali katika kilo 4.8 za oksidi ya plutoni zilizofungwa nyuma yake.

Elimu ya falaki ina kanuni moja ambayo hakuna chombo kiwezacho kuikwepa. Nuru ya jua hupungua kwa kadiri ya umbali uliozidishwa kwa wenyewe, kwa hivyo chombo kilicho mbali na jua mara mbili kuliko dunia hupata robo tu ya nuru tuipatayo sisi, na kilicho mbali mara tatu hupata sehemu moja ya tisa. Mushtarii, ambayo umbali wake na jua ni mara tano na kitu kuliko wetu, hupata sehemu moja katika 27. Zohali hupata sehemu moja katika 90 hivi. Chombo cha Juno, kilichoondoka mwaka 2011 kwenda Mushtarii, kilibeba mabawa matatu ya sola, kila moja lenye urefu wa mita karibu 9, na upana wote huo, ukifika huko, hutoa wati 500 hivi, ambapo pasi moja ya umeme ya nyumbani huhitaji mara mbili yake. Hata karibu nasi, katika mwezi, usiku mmoja huchukua majuma mawili ya dunia na baridi yake hushuka kupita nyuzi 100 chini ya sifuri. Na upande wa ncha ya kusini yako mashimo ambayo jua halijapata kufika chini yake tangu enzi na enzi. Huko hasa ndiko wanakotaka kwenda wataalamu wa leo, kwa kuwa ndiko iliko barafu, na penye barafu mna maji ya kunywa, hewa ya kuvuta na mafuta ya roketi.

Basi haja ilikuwa ni kupata asili ya joto isiyotegemea jua, hewa wala mkono wa mtu. Asili hiyo ni plutoni-238, aina ya plutoni iliyopatikana kwanza kuliko zote, mwishoni mwa mwaka 1940 na mwanzoni mwa 1941, na Glenn Seaborg na wenzake katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Si ile itumikayo katika mabomu, nayo haifai kwa kazi hiyo. Sifa yake ni kwamba atomu zake huvunjika zenyewe, moja moja, na kila ivunjikapo hutoa punje ndogo yenye mwendo mkali, ambayo husimamishwa mara moja na mada iliyo jirani yake na kuipasha moto. Kila gramu hutoa joto la wati zaidi ya nusu, usiku na mchana, na nguvu hiyo hupungua polepole mno, hata huchukua miaka 87.7 kufika nusu. Punje zenyewe hazina uwezo wa kupenya hata karatasi. Lakini vumbi la plutoni likivutwa na kukaa katika mapafu, punje hizo hizo huichoma nyama iliyo karibu nazo kwa miaka mingi, na katika jambo hilo moja ndimo zilimolala hatari yake yote na sababu ya tahadhari zote nitakazozieleza.

Kuligeuza joto kuwa umeme kulikuwa kumekwisha julikana zamani. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck, mtaalamu wa Kijerumani, aliunganisha metali mbili za namna mbalimbali, akapasha moto kiungo kimoja na kuacha kingine kikiwa baridi, akaona kwamba sindano ya dira iliyo karibu inageuka. Mwaka 1954 Kenneth Jordan na John Birden, watumishi wa Maabara ya Mound katika jimbo la Ohio, iliyokuwa ikifanya kazi ya serikali, waliyakutanisha mambo hayo mawili: wakatia joto la mada yenye kuvunjika yenyewe katikati, na viungo vya Seebeck kandokando, wakapata umeme. Kifaa cha namna hiyo hakina gurudumu, hakina pampu, hakina kitu chochote kinachokwenda, na kwa sababu hiyo hakina cha kuchakaa upesi. Walakini hasara yake ni kubwa: mtambo wa Curiosity, wenye uzito wa kilo 45, ulitoa joto la wati 2,000 na umeme wa wati 110 tu ulipokuwa mpya. Joto linalosalia hupitishwa kwa mirija hadi tumboni mwa kigari, likazuia vyombo vyake visife kwa baridi ya usiku wa Mirihi, kwa hivyo halipotei lote.

Habari ya kifaa ni nusu ya maneno yangu. Nusu ya pili, ambayo kwa rai yangu ndiyo yenye uzito zaidi, ni habari ya serikali na jinsi inavyoigawa kazi yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1946 iliitia elimu ya atomu na mali yake katika mikono ya Tume ya Nguvu za Atomu, na kazi hizo zikaja kurithiwa na Wizara ya Nishati iliyoundwa mwaka 1977. NASA ilizaliwa mwaka 1958, ikakabidhiwa anga. Tangu hapo hakuna mmoja kati yao awezaye kwenda mbali peke yake: mwenye chombo hana moto, na mwenye moto hana chombo. NASA huomba na hulipa. Wizara ya Nishati hutengeneza, hupima, husafirisha na kubeba dhamana. Januari 1959 kifaa kimoja cha majaribio kiliwekwa juu ya meza ya Rais Eisenhower katika Ikulu ya Washington, apate kukiona kwa macho yake, na tarehe 29 Juni 1961 satelaiti ya Jeshi la Majini, Transit 4A, ikapanda angani na mtambo mdogo wa wati 2.7, wa kwanza wa nyuklia kuruka nje ya dunia.

Pana tukio moja la mwaka 1969 ambalo huonyesha kuliko hotuba yoyote ugumu wa kuoanisha kazi za mafundi wa idara mbili. Novemba ya mwaka huo, Pete Conrad na Alan Bean wa safari ya Apollo 12 walisimama juu ya mwezi, mbele yao pana mtambo mtupu usio na moto, na ubavuni mwa chombo chao pana ala nene ya grafiti, ambayo ndani yake mlikuwa na mhimili wa plutoni wenye joto kali. Ala ile iliwekwa makusudi, ili roketi ikianguka plutoni isitawanyike. Bean alitia chombo chake cha kushikia, akavuta. Mhimili ukakataa kutoka. Akavuta tena, wapi. Ndipo Conrad akatwaa nyundo iliyoletwa kwa kazi ya kuvunja mawe, akaigongagonga ile ala kwa ubavu huku mwenziwe akivuta, na mhimili ukatoka kidogo kidogo hata ukawa nje. Waliutia katika mtambo, na umeme wa wati zaidi ya 70 ukaanza kupita. Vituo vya namna hiyo vilivyoachwa na safari za Apollo viliendelea kuleta habari za mitetemeko ya mwezi na joto la ardhi yake mpaka tarehe 30 Septemba 1977, vilipozimwa kwa sababu ya bajeti, hali moto wake ungali ukiwaka.

Na moto huo hutengenezwaje? Kazi huanzia kwa neptuni-237, mada ipatikanayo katika mabaki ya vinu vya nyuklia, nayo imehifadhiwa katika Maabara ya Taifa ya Idaho. Hupelekwa Oak Ridge, katika jimbo la Tennessee, huko unga wake ukachanganywa na alumini, ukashindiliwa kuwa vidonge, vidonge vikatiwa katika mirija, na mirija ikaingizwa katika kinu chenye wingi wa nyutroni. Neptuni ikimeza nyutroni moja hugeuka, na baada ya siku mbili hivi huwa plutoni-238. Kisha mirija hupelekwa katika vyumba vyenye kuta nene, ambavyo mfanyakazi husimama nje yake mbele ya kioo kizito, akashika mikono ya chuma inayoigiza mikono yake ndani, akayeyusha na kuchuja kwa asidi, akitenga plutoni na neptuni iliyosalia ili hii irudi tena kinuni. Plutoni iliyosafishwa husafirishwa mpaka Los Alamos, katika New Mexico, ikashindiliwa kuwa vipande vigumu kama vya kauri, kila kimoja na upana wa sentimita 2.75 na kimo kama hicho, uzito wa gramu 150 hivi. Kikiachwa katika chumba chenye giza, kipande hicho hung'aa kwa rangi ya chungwa kwa joto lake chenyewe. Huvikwa gamba la iridi, madini yasiyoyeyuka mpaka joto lipite nyuzi 2,400, na juu yake tabaka za grafiti. Ndipo hurudi Idaho kutiwa katika mtambo na kujaribiwa kwa mtikiso, na mwisho hupelekwa Florida kwenye uwanja wa kurushia roketi.

Haifai kuyataja majina ya Oak Ridge na Los Alamos mbele ya msomaji wa Kiswahili bila ya kumkumbusha kwamba mahali hapo palijengwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa ajili ya bomu, na kwamba sehemu kubwa ya urani iliyotumika ilichimbwa Shinkolobwe, katika nchi ya Katanga, na wachimbaji ambao hawakuambiwa ni kitu gani walichokuwa wakikipakia katika magunia. Elimu inayopeleka leo vigari Mirihi imesimama, kwa sehemu, juu ya migongo ya watu hao, nao wanastahili kutajwa kila inapotajwa.

Silsila hiyo ya kazi, ndefu kama ilivyo, ilipata kukatika. Mwaka 1988 kinu cha Savannah River, katika jimbo la South Carolina, kilichokuwa kikitoa plutoni-238, kilisimamishwa, wakati vita baridi vilipokuwa vikielekea kwisha na haja ya silaha ikipungua. Na kwa kuwa plutoni ya anga ilitengenezwa pembeni mwa kazi ya silaha, ilikoma pamoja nayo. Marekani ikala akiba yake. Tangu mwaka 1992 ikanunua kwa Urusi, na Urusi nayo ikafika mahali ikaacha kuuza. Mipango ya safari za mbali ikaanza kupimwa kwa swali jipya: si kama safari hiyo ina faida kwa elimu, ila kama mna plutoni ya kutosha ghalani. Ilikuwa Desemba 2015, baada ya miaka karibu 30, ndipo Oak Ridge walipotoa gramu 50 za kwanza, na shabaha waliyowekewa ni kilo moja na nusu kwa mwaka. Hapa sina budi kusema wazi ninavyoona. Hasara hii haikuletwa na ugumu wa kemia wala na upungufu wa akili. Ililetwa na serikali kuiacha kazi ya maarifa ijitegemeze kwa kazi ya vita, hata hiyo ilipokoma, ya maarifa ikakosa pa kusimama. Mafundi walistaafu na vyumba vikapoa, na kufufua ujuzi uliolala kulichukua miaka mingi kuliko kuulinda. Kila serikali inayofikiri kuingia katika elimu hii, kubwa au ndogo, na iisome miaka hiyo 30 kwa makini.

Uvumilivu ukiwapo, matokeo yake huwa makubwa kupita kiasi. Vyombo viwili vya Voyager viliondoka duniani Agosti na Septemba 1977, kila kimoja na mitambo mitatu ya plutoni yenye jumla ya wati 470 hivi, kwa kazi ya kuzuru Mushtarii na Zohali. Voyager 2 ikapita hata Uranusi na Neptuni, sayari ambazo hakuna chombo kingine kilichozifikia. Voyager 1 ilitoka katika eneo la upepo wa jua Agosti 2012, mwenziwe Novemba 2018, nazo sasa zimo katika bahari ya nyota, ya kwanza ikiwa mbali nasi kwa zaidi ya kilomita bilioni 24, na sauti yake hutumia muda wa karibu siku nzima kutufikia. Kila mwaka umeme hupungua kwa wati 4 hivi, na wahandisi, ambao wengine hawakuwa wamezaliwa wakati wa kuruka kwake, huzima chombo kimoja baada ya kingine ili vilivyobaki vipate kuishi. Nimejaribu kutafuta kazi nyingine ya serikali yoyote iliyofanywa kwa miaka karibu 50 bila ya kusimama, mbali na mashine yake kwa umbali usiofikika, nami sijaiona.

Wati 100 hutosha kigari. Hazitoshi nyumba ya watu. Wanadamu wakitaka kukaa katika mwezi usiku wa majuma mawili, watahitaji kilowati kwa makumi, na hapo plutoni haifai tena. Itahitajika kinu hasa, chenye kupasua urani kwa mpango. Jambo hili nalo si geni. Tarehe 3 Aprili 1965 Marekani ilirusha SNAP-10A, kinu chake cha kwanza na cha pekee kupata kufika angani mpaka leo, kikatoa wati zaidi ya 500 kwa siku 43, kisha hitilafu ya kifaa cha umeme, nje ya kinu chenyewe, ikakizima. Kingali kikizunguka huko juu. Ofisi moja ya pamoja ya NASA na Tume ya Nguvu za Atomu iliendesha katika jangwa la Nevada majaribio ya roketi za nyuklia, na mwaka 1968 kinu kilichoitwa Phoebus-2A kilitoa megawati 4,000 kwa muda wa dakika 12 hivi. Mwaka 1973 mpango wote ukafutwa kwa kukosa fedha. Kazi ilirejea kwa unyenyekevu zaidi Machi 2018, wakati NASA na Wizara ya Nishati zilipokiwasha Nevada kinu kidogo kiitwacho KRUSTY. Kwa saa 28 wataalamu walikijaribu kwa kila namna: walikiongezea mzigo, wakakipunguzia, wakaifanya mitambo ya kuondoa joto kana kwamba imekufa, nacho kila mara kilijirekebisha chenyewe, kwa kuwa urani yake ikizidi joto hutanuka, na ikitanuka mpasuko hupungua. Tabia hiyo ya kujizuia bila ya mlinzi ndiyo inayotafutwa hata hapa duniani na wale wanaobuni vinu vidogo vya kupeleka umeme visiwani na migodini, na ndiyo sababu fedha ya anga katika mambo haya huwa pia fedha ya utafiti wa nishati.

Mwaka 2022 kampuni tatu zilipewa, kwa mkono wa Maabara ya Idaho, dola milioni 5 kila moja kuchora kinu cha mwezini cha kilowati 40 kitakachodumu miaka 10. Agosti 2025 NASA ilipandisha shabaha mpaka kilowati 100 na kutaka kinu kiwe tayari mwaka 2030, na Januari 2026 ikatia saini na Wizara ya Nishati makubaliano ya kuifanya kazi hiyo pamoja. Kwa yaliyopita, nina shaka na tarehe. Lakini nia imekwisha andikwa. Urusi na China zina mpango wao wa kinu cha mwezini. China imekwisha kukitua chombo chake, Chang'e 4, upande wa nyuma wa mwezi, Januari 2019, ikibeba mada ya nyuklia ya kujipasha joto usiku. Uingereza na nchi za Ulaya zimefuata njia nyingine: huchuja amerisi-241 katika plutoni ya zamani iliyohifadhiwa Sellafield, mada yenye joto dogo kuliko plutoni-238, ila yenye kudumu miaka 432 kabla ya kufika nusu. Nami naipenda njia hiyo, maana hutoa faida katika mabaki ambayo pengine yangekuwa mzigo mtupu kwa vizazi.

Sasa nifike pwani yetu. Tarehe 21 Aprili 1964, siku moja kabla ya Mwalimu Nyerere na Mzee Karume kutia saini Hati za Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, satelaiti ya Jeshi la Majini la Marekani iliyobeba mtambo wa SNAP-9A, wenye plutoni-238 kilo moja hivi, ilishindwa kufika katika njia yake, ikarudi duniani, ikaungua juu ya Bahari ya Hindi, upande wa kaskazini wa Madagaska, kwenye kimo cha kilomita makumi. Haikuwa ajali ya uzembe wa ujenzi. Mtambo ulifanya kama ulivyokusudiwa: kanuni ya siku zile ilikuwa kwamba ukirudi, uungue wote na plutoni yake itawanyike juu sana, ili isimwangukie mtu mmoja kwa wingi. Ikatawanyika kweli, na upepo wa juu ukaichukua. Miaka michache baadaye wataalamu waliochukua udongo wa mabara mbalimbali waliiona alama yake, na nyingi zaidi ilikuwa kusini ya ikweta. Kadiri iliyomfikia kila mtu ilikuwa ndogo mno, na haki ni kulisema hilo wazi. Lakini haki pia ni kusema kwamba wavuvi wa Kilwa, Pemba na Ngazija hawakuulizwa, na kwamba kanuni ya kutawanya iliwekwa na watu ambao anga ile haikuwa yao.

Marekani ilijifunza. Kanuni ikageuzwa: tangu hapo plutoni ilifungwa ili irudi nzima, na ndiyo asili ya gamba la iridi na ala ya grafiti. Mwaka 1968 satelaiti ya hali ya hewa, Nimbus, ilipoharibika katika kuruka, mitambo yake ilizama katika bahari ya California, ikaopolewa mizima, na moto wake ukatumika katika safari iliyofuata. Mwaka 1970, Apollo 13 iliporudi na ala yake, ilizama katika vilindi vya Tonga vya Bahari ya Pasifiki, na vipimo havikuona mvujo. Urusi ya Kisovyeti, iliyorusha vinu zaidi ya 30, ilipata fedheha yake tarehe 24 Januari 1978, satelaiti yake Kosmos 954 ilipoanguka kaskazini ya Canada na kumwaga vipande vya urani juu ya theluji. Wakanada na Wamarekani wakatafuta pamoja kwa miezi, na Wasovyeti hatimaye wakalipa dola milioni 3 za Canada. Katika msiba huo ndimo yalimotoka maazimio ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa ya Desemba 1992, ambayo yasema kwamba kinu kisiwashwe kabla ya kufika katika njia yake, kwamba nchi inayorusha itangaze matokeo ya uchunguzi wa usalama kabla ya kila safari, na kwamba chombo kikielekea kuanguka, nchi zilizo chini yake ziarifiwe na zisaidiwe. Maazimio hayo ni wosia, si mkataba; nguvu yake ni nguvu ya wale wanaokumbusha.

Na wa kukumbusha ni akina nani kama si sisi? Kila chombo kizungukacho dunia kwa njia iliyoinama hukatiza ikweta mara mbili katika kila mzunguko. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya roketi, yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi, ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya. Haikuwa na nyuklia, na Mungu alinusuru watu. Kenya na Rwanda zina viti katika kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga, inayokutana Vienna. Rwanda ilitia saini Mapatano ya Artemis, juu ya kuchunguza mwezi na anga kwa amani, mwaka 2022. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomu yenye wataalamu na maabara za kupimia mionzi huko Arusha. Kwa hivyo hatuna udhuru wa kukaa kimya. Nawaomba wajumbe wetu wa Vienna waitake kwa maandishi ripoti ya usalama ya kinu cha mwezini, ile ya Marekani na ile ya Urusi na China, kabla havijaruka. Waikabidhi kwa wanafizikia wa Arusha, Nairobi na Kigali waisome ukurasa kwa ukurasa. Na muhtasari wake uchapishwe kwa Kiswahili, apate kuusoma mvuvi wa Kilwa.